Chupa za Jumamosi Zisizofika

— Mfaume, leo tarehe ngapi?

— Sheikh yuko barazani, Siwema, wewe unaniita dirishani kuniuliza tarehe?

Siwema, hina bado mbichi mikononi, akamwonyesha chupa mbili alizozikuta kwenye begi la Mfaume, bwana harusi wake, lililoletwa kwa ajili ya fungate. Maji ya bahari. Kazi ya Mfaume, serikali ya Mwingereza ikimlipa, ilikuwa kuteremka kutoka Kisarawe kila Jumamosi, achote maji kwenye ufuko wa kuogea Dar es Salaam, abandike tarehe, ayapeleke kupimwa kama yana uchafu. Chupa hizi zilibandikwa tarehe za Jumamosi mbili ambazo hazijafika.

— Nimechota mapema nipate kukaa na wewe. Kosa liko wapi?

— Na ile ya kabla watu hawajaenda kuoga mwaka, uliichota lini?

Mfaume akaanza kushikashika vifungo vya kanzu. Bi Mwanamkuu, mama yake Siwema, alikwenda kuoga mwaka baharini, ile desturi ya kuukaribisha mwaka mpya, kwa sababu mkwe huyu alimwambia, "Mama, maji safi, nimechota mwenyewe." Kumbe bomba la choo lilikuwa limepasuka pale ufukoni wiki nzima. Homa ya matumbo ikamchukua mama wa watu.

— Ile... niliijaza wiki mbili kabla ya tarehe yake.

— Jumamosi yenyewe ulikuwa wapi?

— Visiga.

— Kwa Mwanahalima.

Huyo ni mtalaka wake wa huko Visiga, ambaye Mfaume aliapa kwa msahafu kwamba hawajuani tena.

— Mama ameshazikwa, Siwema. Ukisema, mimi kazi sina, wewe harusi huna. Nyamaza tu, nakuomba.

Mshenzi alijua anachoomba. Mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini. Na Siwema alimpenda, hata hapo alimpenda, na hilo ndilo lililomchoma.

Mfaume akarudi barazani. Mzee Pazi, aliyesimama badala ya marehemu baba yake Siwema, akaja nyuma ya pazia.

— Mwanangu, nikuoze Mfaume?

Kimya. Akauliza tena, na tena. Biasha, shoga yake, akajiweka tayari kupiga kigelegele.

— Amenyamaza, amekubali, akasema Mzee Pazi.

— Sijanyamaza, baba mkubwa. Nilikuwa nalia. Simtaki.

— Sababu?

— Aseme mwenyewe alikuwa kwa nani, mama yangu akaoga mavi.

Pilau lilikuwa limeshaiva. Watu wakala, wakanawa mikono, wakatoa pole.