Mtani wa Ukutani

"Wee Mnyamwezi, hujafa tu?"

Sauti hiyo ilitoka ukutani, jikoni kwa Bi. Milembe Mihayo, kila asubuhi kabla chai haijachemka. Wala Bi. Milembe hakushtuka. Aligeuka na mwiko wake mkononi, akaweka mkono mwingine kiunoni.

"Nife nimwachie nani nyumba? Wewe Mzaramo usiyejua hata jembe linashikwa wapi?"

"Haya, njoo unipulizie hicho kinywa cha kula viazi vikavu vya matobolwa, nijue kama ubwabwa wa msiba wako nitaula mwaka huu au mwakani."

Bi. Milembe alicheka mpaka mabega yakamtikisika, akasogea na kupuliza. Kilichomtania kilikuwa kisanduku cha rangi ya udongo, chenye tundu dogo lililofunikwa kwa wavu. Ndani yake mlikuwa na kinusapumzi, chombo kinachonusa pumzi ya mtu na kuitambua harufu ya saratani ingali changa, kabla mwenyewe hajahisi chochote. Kinusapumzi kiliongozwa na akili unde iliyofunzwa kazi moja tu, nayo ni kutania. Watu walikiita Mtani.

Aliyekibuni ni mdogo wake Milembe, Profesa Kalunde Mihayo. Tabora ya zama hizo ilikuwa na treni za sumaku zilizofika pwani kabla maharage hayajaiva, na roboti za kufagia barabara zilizowapisha wazee kwa adabu kuliko vijana wengi. Watu waliishi hadi uzeeni kabisa. Lakini wazee waliendelea kufa kwa saratani ambazo zingetibika kama zingeonekana mapema. Vipimo vilikuwapo tele, wenye kupimwa ndio hawakwenda.

Kalunde aliutumia ujana wake wote kuuliza kwa nini. Alianza kwa kuwatisha watu kwa picha za uvimbe, wakafumba macho. Akawapa takwimu, wakaitikia kwa heshima na kurudi makwao. Akawatuma madaktari wenye sauti nzito, na wazee wakawakaribisha chai, wakawashukuru, wasionekane hospitali. "Kujua ni njia moja na kwenda ni njia nyingine," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, na kwa miaka mingi hakuwa na la kuongeza.

Jibu alilipata msibani. Baba yao alipofiwa na mkewe aligoma kula, na hakuna mtoto wala shehe aliyeweza kumwinua. Ndipo alipoingia Mzee Kondo, Mzaramo, mtani wa ukoo wao tangu enzi za mababu waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Kondo alichukua sahani ya mfiwa, akaanza kuifakamia mwenyewe huku akisema, "Kaa hivyo hivyo, mchumba wako wa pili nimeshamwona." Mzee wa watu alicheka, akalia, akanyang'anya sahani, akala. Mtani hakataliwi. Kalunde alisimama mlangoni akiwa na machozi ya kumlilia mama yake shavuni, na papo hapo wazo likamwingia.

Sauti waliyoirekodi ilikuwa ya Kondo mwenyewe. Visanduku vilipotundikwa jikoni mwa wazee, watu walipuliza huku wakitukana kwa furaha. Vifo vikapungua kuliko alivyothubutu kuota. Kalunde akapewa tuzo, akaalikwa huku na huko, na kila aliporudi Milembe alimpokea kwa neno lile lile: "Shemeji yako wa ukutani hajambo."

Simu ilimkuta akiwa mkutanoni Arusha. Dada yake alikuwa amelazwa.

Alipofika hospitali, daktari alimweleza kwa sauti ya chini. Saratani ilianzia kwenye utumbo mpana, ikafika kwenye ini, na sasa dawa iliyobaki ilikuwa ya kutuliza maumivu tu. Kalunde hakuelewa. Dada yake alipuliza kila siku. Je, kinusapumzi kiliharibika?

"Hakikuharibika," Milembe alisema, akiwa amelala kwenye mito mitatu, amekonda. "Aliniambia."

"Nani, dada?"

"Mtani wako. Aliniambia tangu kabla ya kiangazi. Akasema, 'Mnyamwezi, tumboni mwako umeingia mgeni asiyebisha hodi. Nenda hospitali wamtimue, kabla sijaja kula ubwabwa wako.' Nami nikamjibu, 'Utatangulia wewe!' Tukacheka. Kesho yake akarudia, nikamtukana zaidi." Akavuta pumzi. "Mdogo wangu, ningejuaje? Neno la mtani nani analitia moyoni?"

Kalunde alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alilijua kosa lile, kwa sababu lilikuwa lake. Wakati wa majaribio walijiuliza majibu mabaya yatolewe kwa sauti ya nani. Iliposikika sauti ya daktari, wazee waliondoka jikoni kabla haijamaliza. Alipoendelea Mtani, walibaki na kusikiliza hadi mwisho. Yeye ndiye aliyesema, basi na aendelee Mtani. Wengi walikwenda hospitali kweli, kwa kuwa walikuwa tayari na wasiwasi wao. Ila mashine ilifundishwa kwamba mzee akicheka, amekubali. Milembe alicheka kila siku, na kila siku mashine iliridhika kwamba ujumbe umefika.

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Umenichekesha miaka yangu ya upweke." Milembe alimshika mkono. "Usije ukamzima. Wenzangu nao wana majiko yenye kimya. Ila akiona kitu, njoo wewe. Uje na uso wako, tuuone."

Alifariki siku ya Ijumaa, adhuhuri, Kalunde akiwa amemshikia kikombe cha maji.

Msibani Mzee Kondo alikuja, kama impasavyo mtani. Alikuwa mzee sana sasa, anatembelea mkongojo, lakini alifunga kanga ya marehemu kiunoni na kuiga mwendo wake wa maringo, mpaka wafiwa wakacheka kamasi zikiwatoka. Kisha akasimama mbele ya jeneza, akapaza sauti:

"Nilikwambia utakufa, Mnyamwezi! Nilikwambia, ukajifanya husikii!"

Watu wakaangua kicheko. Ndivyo watani wasemavyo msibani, na hakuna ubaya wowote. Lakini Kalunde alihisi maneno yale yakimpasua kifua. Alitoka mbio hadi nyuma ya nyumba, akaegemea tangi la maji na kulia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.

Kondo alimfuata taratibu. "Mtani, nimezidisha?"

"Hujazidisha. Ulimwambia kweli." Akamsimulia yote.

Mzee alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa chini kwenye mchanga na kanga ya marehemu ikiwa bado kiunoni. "Kwa sauti yangu hii?"

"Kwa sauti yako. Kosa ni langu, Mzee Kondo, si lako."

 Maishani mwake Kondo hakuwahi kulia kwenye msiba wa Wanyamwezi. Ni mwiko na ni aibu kwa mtani. Siku hiyo alilia.

"Wako wengine waliocheka?" akauliza mwishowe.

Kalunde, aliyekwisha kupitia kumbukumbu za visanduku, aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake walikwenda pamoja mtaa wa pili, kwa Mzee Nkwabi, fundi cherehani mstaafu aliyeishi peke yake. Nkwabi alipomwona Kondo mlangoni alianza kucheka hata kabla ya salamu.

"Mzaramo! Umechoka kukaa ukutani, sasa unakuja kwa miguu?"

"Nkwabi, leo sikutanii," Kondo alisema. "Nenda hospitali. Leo hii."

"Haa! Tazama anavyokunja uso! Umejifunzia wapi hayo?" Nkwabi alijipiga mapaja kwa furaha. Kadiri Kondo alivyosihi, ndivyo yule mzee alivyozidi kucheka. Kondo akaegemea mkongojo wake. Akamtazama Kalunde.

Kalunde alisogea mbele. Alikuwa bado amejifunga kaniki ya msiba, macho yamevimba. Kichwani mwake mlikuwa na mihadhara ya maisha mazima, na hakuna hata mmoja uliomjia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mdogo wake Milembe. Tumemzika jana." Sauti ikamkatika, akaiacha ikatike. "Aliambiwa kama ulivyoambiwa wewe. Naye alicheka."

Kicheko cha Nkwabi kikakomea njiani. Alimtazama Kondo, akingoja aangue kicheko kama siku zote, amalize mzaha. Kondo hakucheka. Mzee Nkwabi akajishika tumbo kwa mkono wake wa kushonea, taratibu, kisha akaketi.

Toka jikoni kwake ikasikika sauti ya Kondo, sauti ya zamani isiyo na uzee wala kwikwi: "Wee Mnyamwezi! Wageni wamesimama mlangoni, hujawapa hata maji? Ndiyo maana nitakula ubwabwa wako mapema!"

Hakuna aliyecheka.