Pipa Linalomwagwa Jumapili

Kibodi ilikuwa inanuka. Malaea aliigusa kwa vidole viwili tu, akavirudisha haraka na kuvifuta kwenye sketi. Vitufe vilikuwa na mafutamafuta yaliyochacha, na katikati yake sisimizi walipita kwa mstari, kila mmoja na riziki yake.

"Nani anakula juu ya mashine?" aliuliza. "Nyie watu mmelelewa wapi?"

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika Nyumba ya Sauti mjini Apia. Ndani ya kompyuta ile zilihifadhiwa sauti mia mbili na kumi na mbili za wazee wakieleza nasaba zao, mipaka ya mashamba na nani kazikwa wapi. Asubuhi hiyo zilikuwa mia mbili na kumi na moja.

Iliyotoweka ilikuwa ya marehemu Tauati, ya dakika arobaini na moja. Dada yake, Bi Fiapaipai, mwenye miaka sabini na minane, aliketi kwenye benchi akiwa amepakata kikapu. Alikuwa amefuata nakala ya sauti hiyo, kwani kesho yake saa nne asubuhi kesi yake ilikuwa inasikilizwa. Ndani ya sauti ile Tauati alitamka kwa kinywa chake kwamba kiwanja cha Falevai, penye kaburi la mama yao, ni cha dada yake mpaka afe. Karatasi haikuwapo. Bila sauti, mpwa wao Semisi angekichukua, na tingatinga lake lilikwisha kuegeshwa hatua chache kutoka kaburini.

Kirisome, karani, ndiye aliyegundua, na ndiye aliyempigia simu Malaea, fundi wa kompyuta zao. Msimamizi wa nyumba, Bwana Uili, alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake cha chai, kile chenye nembo ya kiwanda cha samaki alikofanya kazi miaka kumi kule Pago Pago. Alikuwa shemasi, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na sauti laini.

"Usimkaripie mtu, binti yangu," alisema. "Tuko kwenye msiba."

"Huyu Uili ni mtu wa Mungu," Bi Fiapaipai alidakia. "Jana jioni tu kaniletea sahani ya palusami mpaka nyumbani. Majani ya magimbi yameiva, tui zito! Nimekula nikalamba vidole."

Malaea alitabasamu kwa shida. Kichwa kilimuuma, kwani jana kwao walikula kupita kiasi wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya shangazi yake Fetuao, ingawa mwenyewe yuko ng'ambo. Walipompigia simu kumwimbia, shangazi aliwacheka: "Nyie mna haraka gani? Mimi hata sijazaliwa!"

Aliivuta kompyuta. Kila jioni saa kumi na mbili mashine ile ilijipelekea yenyewe nakala za mafaili yote kwenye seva ya mbali. Zamani seva hiyo ilikuwa Auckland. Baada ya Pasaka ikahamishiwa Pago Pago, upande wa Wamarekani, na tangu hapo Malaea hakuwa na sababu ya kuifungua. Sasa aliifungua. Sauti ya Tauati haikuwapo kule pia.

"Si mlisema mnahifadhi ng'ambo ili kitu kisipotee?" Bi Fiapaipai aliuliza.

"Bibi, ile ni kama kioo. Ukijinyoa huku, na kule umenyolewa. Mtu akifuta faili hapa, jioni seva nayo inalifuta."

Daftari la mashine ya ofisini, linalojiandikia kila kinachofanyika, lilikuwa limesafishwa lote. La seva lilikuwapo, na Uili alikuwa ameshalichapa kabla hajaulizwa. Mistari yake miwili ya mwisho ilisema:

*Ijumaa, saa 12:04 jioni. Mafaili 212. Hakuna badiliko.*

*Jumamosi, saa 12:04 jioni. Mafaili 211. Limeondolewa 1.*

"Basi limefutwa Jumamosi kabla ya jioni," Uili alisema kwa huzuni. "Ofisi ina funguo mbili, yangu na ya Kirisome. Jumamosi mimi nilikuwa harusini, watu mia wameniona."

Macho yote yalimgeukia Kirisome.

"Linaloondolewa huwa linawekwa kwanza kwenye pipa la taka la seva," Malaea alisema. "Bado tunaweza..."

"Pipa linamwagwa kila Jumapili saa sita mchana. Ndiyo kanuni, niliitia sahihi mwenyewe. Jana limeshamwagwa." Uili alitikisa kichwa. "Tumechelewa, binti yangu."

Bi Fiapaipai hakulia. Alishika kingo za kikapu chake tu.

Malaea alimgeukia karani. "Kirisome, Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Nilikuwapo. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nilikuwa nachapa nyimbo za kwaya."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya... hakuna. Wino wa ofisi, najua. Lakini sikugusa sauti ya mtu!"

"Na Ijumaa?" Bi Fiapaipai aliuliza polepole. "Jirani yangu alikuona ndani ya gari la Semisi."

"Bibi, alinipa lifti tu! Nilikuwa na spika mbili za kanisa begani, ningekataa?"

"Mwizi huwa ana maelezo," bibi alisema, akageuza uso. Kirisome, mwanamume wa miaka thelathini na nane mwenye watoto watatu, aliangalia sakafu na masikio yakamwiva.

"Ulikula nini hapa Jumamosi?" Malaea aliuliza.

"Kula? Biskuti. Halafu nikakimbilia feri ya saa kumi kwenda kisiwani Savai'i kwa mama mkwe. Nimerudi leo na boti ya kwanza. Tiketi hizi hapa."

Malaea alizisoma pande zote mbili. Kisha akarudi kwenye lile lililokuwa likimkera. Kama leo ni Jumatatu, mstari wa Jumapili jioni uko wapi? Alitafuta hitilafu. Alikagua waya, akapima mtandao, akasoma ratiba neno kwa neno. Ratiba ilisema kila siku. Nusu saa nzima alihangaika na ugonjwa asiouona.

"Mzee Uili, jana jioni nakala hazikwenda. Kwa nini?"

"Aa, Jumapili huwa tunaizima mashine. Hata chuma kinahitaji Sabato."

Malaea aliandika amri moja fupi. Kompyuta ikamjibu kwamba haijazimwa kwa siku kumi na tisa. Alimtupia Uili jicho la pembeni.

Saa nne na dakika kumi na tano, Uili aliweka kikombe chini. "Ndugu zangu, akili zetu zimefika mwisho. Tuombe."

Nani anakataa maombi ya shemasi? Waliinamisha vichwa, wakafumba macho. Uili alianza na uumbaji. Akapita kwa Nuhu bila haraka, akamtaja Ibrahimu na uzao wake, akaombea serikali, mabaharia na wagonjwa wa sukari. Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Simu ya Malaea ilitetemeka mfukoni. Akafumbua jicho moja.

Ilikuwa picha. Shangazi Fetuao amevaa nguo nyeupe na kofia nyeupe, mbele ya kanisa lao kule Pago. Chini aliandika: *Leo ndiyo siku yangu hasa! Tunaingia kanisani. Keki yangu mmeimaliza?*

Kanisani, Jumatatu?

Malaea aliinua uso. Mdomo wa Uili ulikuwa unaomba, lakini macho yake yalikuwa wazi, yameganda kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Hapo yote yalimjia kwa pamoja, na alijiona mjinga kuliko wajinga wote wa Apia. Kutoka hapa hadi Pago ni nusu saa na ushei kwa ndege. Saa ni zilezile, lakini kalenda yao iko siku moja nyuma, na kila mtoto wa visiwa hivi analijua hilo. Yeye alikuwa amesoma daftari la Pago kwa kalenda ya Apia. Mstari wa Jumapili haukukosekana. Jumamosi jioni ya Pago *ndiyo* Jumapili jioni ya Apia. Na kule Pago, hivi sasa, bado ni Jumapili, na saa sita mchana haijafika.

Alisimama katikati ya maombi, akatoka.

"Binti yangu!" Uili aliita. "Unamwacha Bwana akizungumza?"

"Bwana hajasema neno tangu uanze," Malaea alijibu, akaubamiza mlango.

Alipompigia simu, shangazi alipokea kwa kunong'ona. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. "Una wazimu? Mchungaji ananitazama!"

"Shangazi, Alapati anayetunza seva si anasali hapo kwenu? Yupo?"

"Yuko kwaya, upande wa besi."

"Mtoe."

"Katikati ya wimbo?"

"Mvute sikio kama hataki! Mwambie pipa la seva lisimwagwe. Nywila ya pipa anayo yeye peke yake. Kuna kaburi la mtu litasawazishwa."

Malaea alisikia viatu vikigonga sakafu ya kanisa, minong'ono ya waumini, na besi moja ikikatika ghafla.

Alirudi ndani, hakumwambia mtu kitu. Alichukua pamba na spiriti akaanza kuisafisha kibodi, kitufe kimoja kimoja. Chini ya kitufe cha kufutia alikuta uzi mdogo wa kijani. Aliuweka juu ya karatasi nyeupe, akasubiri. Mara mbili Uili alijitolea kwenda kununua chakula, na mara mbili Malaea alimwambia kwamba hakuna mwenye njaa.

Saa tano na dakika hamsini na mbili, simu iliita.

"Nimelikamata," Alapati alisema, akihema. "Lilikuwa bado pipani. Dakika nane! Na mke wangu anadhani nimeitwa na polisi. Nakurudishia sasa hivi."

Malaea alikata simu. "Kirisome, funga mlango. Mzee Uili, keti."

"Kuna habari?"

"Zipo. Ijumaa ya daftari lako ni Jumamosi yetu. Jumamosi saa kumi na mbili jioni sauti zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, kamili. Saa hiyo Kirisome alikuwa anashuka feri Savai'i, na amerudi leo. Aliyefuta alifuta jana, Jumapili, kabla ya jioni, akiwa na ufunguo."

"Binti, hizo kalenda zinachanganya hata..."

"Hazikuchanganyi wewe. Umekaa Pago miaka kumi. Uliponiambia pipa limemwagwa jana ulijua halijamwagwa. Ukaniambia mashine inazimwa Jumapili, na haijazimwa siku kumi na tisa. Ukaomba dakika ishirini na tano huku unatazama saa." Alimsogezea ile karatasi nyeupe. "Na hiki ni nini?"

Bi Fiapaipai ndiye aliyeinuka, akainama juu ya karatasi, akanusa.

"Jani la magimbi," alisema. "Na tui."

"Chakula cha tanuri la mawe, cha Jumapili," Malaea alisema. "Alikula nyumbani kwake, akaja hapa hata mikono hajanawa, akafuta. Kisha akarudi kuchukua sahani ya pili, akakuletea wewe, Bibi."

Bibi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Semisi alikuahidi nini?" Malaea aliuliza. "Nijibu. Au niwaite wazee wa kanisa wakuulize wao?"

Ile sauti laini ilimtoka Uili kama shati lililovuliwa. "Jina la uchifu wa ukoo! Mke wangu ni wa ukoo ule. Jumamosi ijayo ningetawazwa. Mnajua maana yake? Miaka ishirini nimeingia kwenye vikao vyao na birika la chai mkononi. Wenye majina wanaegemea nguzo, kila mmoja na nguzo yake. Mimi naketi katikati, mgongo hewani, kama mzigo uliosahauliwa. Nilitaka nguzo moja. Moja tu!"

"Ukang'oa ya kikongwe."

"Na mimi?" Kirisome alisema. "Ulitaka wanangu waambiwe baba yao ni mwizi?"

"Wewe ungesamehewa," Uili alisema. "Watu wadogo husamehewa upesi."

Malaea alitamani kutema mate. Badala yake aliigusa kibodi safi, na sauti ya Tauati ikajaa chumbani. Kwanza alikohoa. Kisha akataja Falevai, mpaka wa mto, kaburi la mama, na jina la dada yake, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayepanga mawe. Bi Fiapaipai alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwishoni kabisa mzee alimuuliza aliyekuwa akimrekodi: "Na hii haitapotea, mwanangu?"

Na sauti laini, ya miaka sita iliyopita, ikajibu: "Mzee, nitailinda kama kaburi la mama yangu."

Uili aliporomoka kwenye magoti. "Mama, nisamehe. Nitakuja kuketi mlangoni kwako chini ya mkeka wa toba, mimi na ukoo wangu. Ngoja tuombe..."

"Usiniombee tena," Bi Fiapaipai alisema.

Alikifungua kikapu chake. Ndani mlikuwa na ile sahani ya jana, imeoshwa ikang'aa, na juu yake maandazi ya duara aliyoyakaanga alfajiri, yamefunikwa kitambaa. Maisha yake yote hakuwahi kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu.

Aliyatoa maandazi moja moja, akayafunga kwenye kitambaa. Alimwendea Kirisome, akayaweka mikononi mwake yote.

"Ya watoto," alimwambia. "Nilikuita mwizi. Nimekosa."

Kisha akageuka, akamrudishia Uili sahani yake tupu.