Kona Inayomeza Sauti

Redio ya ofisini haina shingo ya kupaka marashi, lakini alasiri ile ilinukia. Gesare alikuwa akifagia chini ya meza, na harufu ikamjia kutoka kwenye spika, tamu na nzito, pale pale sauti ya mumewe ilipokatika.

Mumewe, Omwenga, ndiye aliyeendesha Landrova ya shamba, gari pekee lililofungwa redio ya kuitana. Kutwa alizunguka vilima vya chai akimweleza Priscillah, karani wa redio, trekta lipi limekwama na majani ya nani hayajabebwa. Akirudi nyumbani, hana neno. Anakula, ananawa, analala. Na hilo ndilo lililomuuma Gesare: Priscillah, msichana aliyesomea misheni, ale minofu ya maneno ya mumewe, yeye aachiwe mifupa!

"Amepotea tena?" aliuliza.

"Ni ile kona chini ya kiwanda, mama Bilhah," Priscillah alisema bila kugeuka. "Sauti yake inakuja na njia mbili. Moja inatoka kwa gari, inakuja hapa straight. Ingine inagonga mabati ya kiwanda kwanza, ndio ije. Zikikutana vibaya zinauana, hatusikii kitu. Akisogeza gari hatua mbili tu, anarudi."

Na kweli ikarudi: "Ofisi, nimesogea. Ova."

Maelezo yalikuwa sawa kabisa. Lakini mwenye wivu ukimwambia njia mbili, yeye huhesabu wake wawili. Na yale marashi je? Priscillah alinukia sabuni ya kufulia tu. Basi yupo mwingine, Gesare akajiambia, na yupo konani.

Kesho yake aliuacha ufagio mlangoni akakata njia katikati ya michai. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu saa nane. Alijibanza chini ya ukuta wa kiwanda, na haukupita muda Landrova ikaja, ikasimama konani. Ndani alikuwamo Omwenga, peke yake.

"Ofisi, ofisi, mnanisikia? Ova."

Kimya. Akaliachia gari liteleze kidogo, akaita tena, akajibiwa. Hapakuwa na mwanamke wala kivuli cha mwanamke. Gesare aliona aibu, kisha raha, na alikuwa ameanza kucheka wivu wake mwenyewe wakati marashi yalipomjia kutoka nyuma, mazito kuliko jana, na kutoka kwenye michai isiyotikisika, kwa sauti ya Omwenga, taratibu kama mtu anayejifunza sala, kitu kikasema ofisi, ofisi, mnanisikia, kikanyamaza, kikavuta pumzi, kisha kikasema kwa upole: "Gesare."

Nyanya yake huko Kisii alimfundisha angali mdogo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Mtu ataita tena. Kisicho mtu huita mara moja tu.

Alilikumbuka hilo vizuri. Lakini tangu aolewe, Omwenga hakuwahi kulitamka jina lake. Kwa desturi yao alikuwa mama Bilhah, na kabla Bilhah hajazaliwa alikuwa "wewe". Sasa jina lake lilisemwa kwa sauti ile, kwa namna ile aliyoitamani miaka yote, na moyo ukayeyuka.

"Eeh, baba Bilhah," aliitika. "Niko hapa."

Alihisi jibu likimtoka kooni likiendelea kutoka, kama uzi unaofumuliwa kwenye sweta, mpaka pakawa patupu. Alikimbilia gari, akafungua kinywa kumwita mumewe. Hakikutoka kitu. Landrova ikapanda kilima ikaondoka.

Hospitalini walimulika koo, wakasema ni zima. Mzee Bosire, mganga, aliletwa kutoka Kisii. Alinusa mlangoni tu akakataa hata kuketi.

"Hii haikuibiwa," alimnong'oneza Omwenga. "Amepeana mwenyewe. Mimi siwezi kurudisha kitu ya kupeanwa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Gesare alivunjika sauti. Alirudi kufagia, na Omwenga akaanza kuchelewa kurudi jioni. Aliingia akiwa mchangamfu, midomo ikicheza, akala, akanawa, akalala.

Siku moja, mvua ya mawe ikipiga mabati ya ofisi, spika ilinukia tena.

"Ofisi, ofisi, mnan—" Sauti ya Omwenga ikakatika. Kimya. Kisha mwanamke akaitika ndani ya spika, kwa sauti changa iliyojaa kicheko: "Niko hapa, baba Bilhah."

Priscillah aliutoa mkono redioni kana kwamba imemuunguza. Akamgeukia Gesare polepole. "Mama," alinong'ona, "hiyo si ni sauti yako?"

"Gesare wangu," Omwenga akasema konani, akicheka, yule Omwenga asiye na neno nyumbani. "Ngoja nikuambie vile siku imeenda."

Akaanza kumweleza. Gesare aliung'ang'ania ufagio kwa mikono miwili. Wivu ulimkaba kuliko alivyowahi kumwonea Priscillah au mwanamke mwingine yeyote. Alimchukia yule aliyekuwa akichekeshwa kule, akachukia kila "eeh" yake, na kila "eeh" ilikuwa yake mwenyewe.

Priscillah alikamata redio, machozi yakimtoka. "Omwenga, sogeza gari. Hatua mbili tu. Tafadhali, baba Bilhah, sogeza gari. Ova."

Gari halikusogea.