Kabati la Rangi Nne

Jambo hili lilimpata Ylva, fundi wa samani za kale wa jimbo la Hälsingland, kaskazini ya mbali, na majirani zake wakilisimulia huteremsha sauti hata kama ni mchana. Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ylva alikunywa kahawa yake, akamsuka binti yake Tove, kisha akaenda kwa bibi mmoja aitwaye Ingegerd, aliyekuwa akihamia nyumba ya wazee na kuuza vyombo vyake.

Katika chumba cha nyuma ndimo alimoliona kabati. Lilikuwa la mtindo wa enzi ya mfalme Gustav, limenyooka, lina nguzo zenye mifuo kama vifereji ubavuni na shada la majani lililochongwa juu ya milango. Ila mtu alikuwa amelipaka rangi ya kahawia mbaya, nzito kama uji uliolala. Ylva akakwangua kidogo nyuma ya mguu. Chini ya kahawia palikuwa na njano, kisha samawati, na chini kabisa kijivu cha lulu, rangi yake ya kwanza.

Fundi wa kule akishaiona rangi ya kwanza, humwambii kitu. Kwake hiyo ndiyo kabati lenyewe, na zote zilizofuata ni uchafu wa watu wasiojua thamani ya walichonacho.

"Mimi nilidhani utalipaka tu, mwanangu," Ingegerd alisema. "Hapa kila aliyeolewa alilipaka kabla hajajifungua. Hiyo kahawia ni yangu."

"Kwa nini, bibi?"

"Mama mkwe alinipa brashi. Ungemjua, nawe usingeuliza."

Ylva akacheka, wakalipakia kabati garini.

Rangi za zamani zina sumu ya madini ya risasi, kwa hiyo Tove hakuruhusiwa kukanyaga karakanani. Ylva alifunga mlango na kukwangua kwa kisu tu, bila dawa, taratibu, ganda kwa ganda. Kahawia ilipokwisha kutoka, alikwenda kumfumua binti yake nywele, akakuta vumbi la kahawia kichwani.

"Umeingia karakanani?"

"Sijaingia, mama. Ufunguo si unao wewe?"

Kweli, ulikuwa mfukoni mwake. Akamwosha kwa sabuni. Vumbi halikutoka.

Akaendelea na njano, maana kazi ilikuwa imemnogea. Tove naye akaanza kuongea kwa sauti ya mbali, kama mtu aliye nyuma ya mlango. Daktari alimtazama koo, akasema mtoto mzima. Lakini kucha za Tove zilikuwa zimeingia njano.

Kisha samawati. Ilikuwa juma la katikati ya kiangazi, jua halitaki kuzama, na nyumba nzima ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Sixten, mumewe, aliandaa meza ya chakula: viazi, samaki wa siki, sahani mbili.

"Na ya Tove?" Ylva aliuliza.

Sixten alisita. "Aa. Tove," akasema, kama mtu aliyekumbushwa jina la jirani aliyehama zamani.

Ylva akageuka. Mtoto alikuwa ameketi pale pale, kitini. Ngozi yake ilikuwa na usamawati. Midomo ilicheza. Hakusikika.

Akakimbilia karakanani. Kabati lilikuwa limebaki na kipande cha samawati kisichozidi kiganja, kwingine kote kijivu kiking'aa. Alisimama mbele yake, kisu mkononi. Ndani ya kabati mtu akavuta pumzi. Kisha akacheka, kicheko cha mtoto.

Alimpigia Ingegerd simu.

"Umelikwangua," bibi alinong'ona.

"Mna nini humu ndani?"

"Mtoto. Tulikuwa tunamfunika asitoke."

"Mtoto wa nani?"

"Hana mwenyewe. Ndiyo maana anatafuta mama. Paka, mwanangu. Zote, moja juu ya moja, kama zilivyokuwa."

Ylva akapaka. Rangi ya mafuta ya mbegu za kitani haina haraka, na kusubiri ikauke kulikuwa mateso asiyomwombea hata adui. Samawati ilipokauka, Sixten aliandaa sahani tatu bila kuambiwa. Ilipokauka njano, sauti ikarudi. Ilipokauka kahawia, Tove alishuka ngazi akiimba, mashavu mekundu, akaomba mkate na jamu. Ylva alimkumbatia na kulia kwa furaha mpaka mtoto akalalamika anabanwa.

Majira ya kupukutika majani yalipoingia, Tove alianguka na baiskeli uani. Ylva alitoka mbio na plasta.

"Haiumi, mama," mtoto alisema.

Goti lilikuwa limebanduka ngozi. Halikutoa damu. Chini ya ngozi palikuwa na kahawia. Chini yake njano. Kisha samawati. Katikati kabisa, kidoa cha kijivu cha lulu.

Ylva aliinuka, plasta mkononi. Miguu yenyewe ndiyo iliyompeleka karakanani. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha; akaufungua. Kwenye kabati, chini ya mlango wa kushoto, usawa wa goti la mtoto, rangi ilikuwa imechubuka.

Pale palikuwa panatoka damu.

Aliweka sikio kwenye ubao. Ndani, mtoto alikuwa analia kimyakimya, kama anayejua hasikiki. Nyuma ya Ylva, mlangoni pa karakana, yule mwingine, mwenye sura ya Tove, alimwita kwa upole, "Mama, njoo. Nina njaa."

Wanaofika kwa Ylva siku hizi huambiwa kabati lile haliuzwi. Kazi ya kukwangua ameiacha, maana hajui kisu kikigusa tena atampata nani na atampoteza nani. Kwenye mlango wa kushoto, chini, pamebandikwa plasta ya kitoto yenye picha za paka. Kila wanapokuja, wanaikuta mpya.