Shati la Tano

Jirani yangu, yule fundi cherehani wa nyumba ya pili, alirudi safarini Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi akaamkia beseni. Nani aliwadanganya watu kwamba safari ni mapumziko? Siku nne ndani ya gari lile bovu, mume anaendesha huku anaimba, mama mkwe anataka dirisha lifunguliwe, halafu lifungwe, na Chiriku, binti yao wa miaka sita, anauliza "tumefika?" kabla hata hawajatoka mtaani. Mgongo ulimuuma hadi kwenye meno.

Mume alikuwa keshakwenda gereji, mtoto yuko shule. Fundi akafua, akaanika, akajitupa kwenye kiti cha cherehani, maana nguo za wateja zilikuwa zimelundikana. Alipoinua macho kuitazama kamba, akaona mashati matano.

Ngoja nikueleze. Kwa ajili ya safari aliwashonea wote sare, kitambaa cha buluu chenye madoa meupe. Watu wanne, mashati manne. La Chiriku ndilo lina kifungo kimoja chekundu, kwa sababu vyeupe viliisha. Na kitambaa nacho kiliisha. Kilichobaki hakitoshi hata leso.

Akalianua lile la tano. Dogo, kimo cha Chiriku, vifungo vyote vyeupe. Mengine yalishakauka. Hilo lilichuruzika maji.

Akageuza ndani. Ushono ulikuwa wake mwenyewe. Kila mwisho wa mshono yeye hurudi nyuma mara tatu. Ndiyo tabia ya mkono wake.

"Mama, hili umelitoa wapi?"

Mama mkwe alilitazama bila kuligusa. Akashusha sauti. "Unakumbuka pale njiani, tulipomteremsha mtoto akajisaidie?"

Alikumbuka. Mume ana mchezo wake: kabla ya kuwasha gari husema "Hesabuni!" na kila mtu hutaja namba yake. Moja ni yeye, mbili mama yake, tatu mkewe, nne Chiriku. Siku ile, baada ya nne, kisauti kilisema "tano". Walicheka sana, wakadhani ni utundu wa Chiriku. Mume akasema, "Haya, wote tumo," akaondoa gari.

"Ni mwanangu aliyemkubali," bibi alinong'ona. "Kwa mdomo wake mwenyewe."

Fundi alikuwa amechoka mno hata kuogopa. Akachukua wembe, akaanza kufumua.

Bega la kulia. Chumbani kwa mtoto mtu akashusha pumzi.

Bega la kushoto. Kikaanza kilio. Chembamba.

Chumba kilikuwa kitupu.

Mlangoni akatokea Chiriku, ametoka shule, mkoba mgongoni. Mtoto ambaye kwa kelele mtaa mzima tunamjua, leo ananong'ona.

"Mama, mwache."

"Nani?"

"Mwenye shati. Anasema ukimfumulia lake, atavaa langu."

Wembe ukamponyoka. Akatia uzi, akalishona upya, kurudi nyuma mara tatu, mara tatu. Kilio kikakoma kwenye mshono wa mwisho.

Jioni mume akarudi na grisi hadi masikioni. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza. Wakakaa kula.

"Mbona mmenuna kama gari bado halijafika?" akacheka. "Hesabuni! Moja!"

"Mbili," bibi akasema kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo.

Fundi akaganda. Halafu akawaza: labda hesabu ikifungwa kwenye nne, itaisha hapo. Akaushika mkono wa binti yake, akaubana.

"Tatu. Sema, mwanangu. Haraka."

Chiriku alikuwa na tonge mdomoni. Akatafuna. Akahangaika kumeza.

"Nne," ikasikika kutoka chumbani kwa mtoto.

Mume akaacha kucheka.

Chiriku akameza. Akamtazama mama yake, machozi yanamlenga.

"Tano," akasema.

Wiki ya tatu sasa. Mume anakwenda gereji, mtoto anakwenda shule, cherehani inalia kutwa. Kamba zetu zimetazamana, na mimi macho yangu hayana adabu. Kila akifua naona mashati matano. Lile la vifungo vyeupe siku hizi linakauka mapema kabisa.

Linalochuruzika ni la kifungo chekundu.