Gango la Kasuku

Kila siku nikirudi kutoka shuleni, kabla hata ya kuvua sare, humpaka mdogo wangu mafuta mkononi. Ana miaka mitano, na tunamwita Kasuku kwa jinsi anavyosema bila kituo. Miezi mitano iliyopita alivuta sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka, yakammwagikia mkono wa kulia kuanzia begani.

Alilazwa hospitali wiki sita. Daktari alichuna ngozi ya pajani akaibandika mkononi. Kasuku alikonda mno, tukamlisha mayai na maharage kwa kumbembeleza. Kidonda kilifunga, lakini kovu lilituna, likawa linamwasha mpaka machozi. Joto likizidi alihema, maana ngozi ile haitoi jasho. Sikuwa na la kufanya ila kumpepea.

Isitoshe, kovu hujikunja linapokomaa. Ndiyo maana alifungwa gango, yaani kibao cha kunyoosha kiwiko, alivae kutwa isipokuwa akioga.

"Dada, linaniuma. Nifungulie kidogo tu," alinisihi siku moja.

Mama ni fundi cherehani, na alikuwa bado kazini. Moyo ulinilainika, nikalifungua. Kesho yake tena. Ikawa mazoea yetu, na tukisikia hatua za Mama nalifunga chapuchapu.

Siku ya kliniki, nami nikiwapo, mtaalamu wa viungo, mwanamama mwenye utani mwingi, alimpima kiwiko. Utani ukamwisha.

"Mama, mkono umeanza kujikunja. Gango mnalifunga?"

"Kila siku, dada yangu."

"Basi kovu limelishinda. Itabidi apasuliwe tena."

Kasuku alijificha nyuma ya gauni la Mama.

"Asipasuliwe," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nalifungua. Alikuwa analia."

Mama alimvuta Kasuku kwake, akanipa kisogo. Ni heri angenigombeza.

Mtaalamu aliweka kalamu chini. "Kumbe. Basi tujaribu gango wiki nne kwanza. Lakini atalia kuliko mwanzo, mwanangu, na hutaweza kumpunguzia chochote. Utavumilia?"

"Nitavumilia," nilisema, ingawa sikuwa na hakika.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Kasuku alilia, akaniita dada mbaya, akakataa hata kula nikimlisha mimi. Nilikaa kando yake nikilia pia, bila kufungua.

Leo amepimwa tena. Kiwiko kimenyooka, kimebaki kidogo tu. Hatapasuliwa.

"Ungenyamaza, angepasuliwa bure," mtaalamu aliniambia. "Ukimhurumia mgonjwa, kaa naye katika maumivu yake, usimwondolee tiba. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamwumiza mwingine."

Kasuku alikuwa bado amenuna. Aliuangalia mkono wake, kisha akaninyooshea.

"Funga," alisema. "Lakini usiondoke."