Kifuniko cha Vali

Tairi la nyuma la baiskeli lilikuwa chini tena. Muuguzi aliinama koridoni, akalibonyeza, likalala mpaka kwenye ringi. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na jana matroni alimwambia bila kupepesa macho: "Ukichelewa tena, usihangaike kuvaa sare."

Wiki nzima alilaumu misumari ya barabarani. Leo aliamka mapema makusudi. Alifungua kifuniko cha vali, kilichokazwa barabara, akatoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji. Aliizungusha polepole. Hakuna povu hata moja.

Tyubu ilikuwa nzima. Basi upepo ulitolewa na mtu, kwa mkono. Bila kazi ile angekuwa hana mbele wala nyuma.

Alimgongea jirani wa mlango wa pili, ambaye kila siku alinung'unika kwamba baiskeli inaziba njia.

"Ni wewe unayenitolea upepo?"

"Dada, ningekuwa na hasira na hilo dubwana lako ningelichoma kisu nikalale," jirani alijibu huku akipiga miayo. "Nani ana muda wa kufungua na kufunga?"

Kufunga. Muuguzi alisimama pale pale. Mhuni angekitupa kifuniko cha vali. Huyu alikirudisha kila mara, akakikaza.

Aliingia ndani. Jikoni, wifi yake alikuwa akimpikia mama uji, mama ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani. Wifi alichota sukari, akafunga kopo. Alimimina maji, akafunga chupa. Akaona mafuta ya kumkanda mama yameachwa wazi, akasonya, akayafunga.

"Wifi, upepo unautoa wewe."

"Upepo gani tena?"

"Ungeacha vali wazi nisingekujua. Lakini wewe huwezi kuacha kitu wazi."

Wifi aliweka mwiko chini. Hakukana.

"Nilitaka wakufukuze," alisema. "Tangu uanze kazi, mama namwogesha mimi, namgeuza mimi, akiita usiku naamka mimi. Cherehani yangu imejaa vumbi. Nikasema ukikaa nyumbani tutasaidiana."

"Si ungeniambia?"

"Nilimwambia kaka yako. Akasema hayo ni mambo ya wanawake, tutamalizana wenyewe."

Muuguzi alikuwa amejiandaa kufoka, akakosa wa kumfokea. Chumba cha pili kaka yake alikuwa anakoroma.

Walirudisha tairi pamoja, wifi akapiga pampu mpaka jasho likamtoka. Kisha muuguzi akaingia chumbani kwa kaka yake, akawasha taa, akavuta blanketi.

"Kaka, amka. Mama anataka kuogeshwa."

"Mke wangu si yupo?"

"Anatoka."

Mlangoni nyuma yake, wifi alikuwa tayari anavaa viatu.